Ukuta Uliojengwa kwa Ndani

Saa mbili na nusu asubuhi Mama Futi wa upelelezi alikuwa amepiga magoti kanisani, ila sala haikuwamo. Alikuwa amebandika shavu ukutani, jicho moja amelifumba, anauangalia ukuta kwa ubavu kama seremala anayekagua ubao uliopinda.

"Afande," alisema msanifu majengo nyuma yake, "mkishamaliza kunong'onezana na huo ukuta, mniambie."

"Nyamaza wewe. Sogeza taa."

Taa ikasogezwa. Msanifu alikuwa dada mwembamba, penseli kaichomeka kwenye nywele, na siku ya tatu hii chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Ndiye aliyelichomoa tofali la kwanza. Shule ilikuwa imemwita alikarabati kanisa lake lenye umri wa miaka tisini, naye akaanza kwa kung'oa viti vya kwaya vilivyoegemea ukuta wa mnara: safu nzima ya mbao nzito za kuchongwa, migongo yake mirefu kuliko mtu. Nyuma ya migongo hiyo akakuta mlango uliozibwa kwa matofali. Nyuma ya matofali kulikuwa na ngazi za mzunguko. Na kwenye kidato cha chini cha ngazi hizo alikuwa ameketi mtu, au kilichobaki cha mtu: mifupa ndani ya ovaroli, buti miguuni, mwiko wa kujengea mapajani.

Ukelele alioupiga msanifu siku ile, wanafunzi wa madarasa ya mbali walidhani ni kengele ya kubadilisha vipindi.

Kumtambua marehemu hakukuchukua hata nusu siku. Mpini wa mwiko ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli. Mzee mmoja mwashi, ambaye mji mzima unamwita Fundi Timazi kwa sababu kuta zake hazijui kuinama, alionyeshwa mwiko ule akasema, "Wa mdogo wangu. Mpira huo nilimfungia mimi." Kwa kusema kweli namna hiyo akawekwa mahabusu.

Na kesi yenyewe ilikuwa imenona. Huyo mdogo wake, Fundi Mdogo, alipotea miaka ishirini na saba iliyopita, ndugu hao wawili wakiwa na kazi hapahapa kanisani. Mtu wa mwisho kuwa naye ni kaka yake. Siku hiyo waligombana, mzee mwenyewe kakubali. Daktari aliandika kwamba taya la marehemu lilivunjika, na paja pia, na kwamba jiwe kubwa lilikutwa nyuma ya mgongo wake. Halafu kikaja kitamu cha mwisho: miaka mitano baada ya mdogo kupotea, mkubwa alimwoa mke wa mdogo.

Simu ya Mama Futi ikaita. Alikuwa Mkuu wa Upelelezi, bosi wake.

"Uko wapi?"

"Kanisani, afande."

"Umeokoka?"

"Bado. Nipo njiani."

"Sikiliza. Mzee anafikishwa mahakamani leo saa nane mchana. Jalada nilikute mezani kabla ya hapo. Mimi nimesoma shule hiyo, unanielewa? Wenzangu niliosoma nao wananipigia tangu alfajiri. Sitaki jina la shule lipikwe magazetini wiki nzima."

"Afande, kuna kitu kuhusu huu ukuta..."

"Ukuta haujaua mtu. Saa nane."

Simu ikakatwa. Mama Futi akairudisha mfukoni, akachomoa futi lake kiunoni, pale linapokaa ubavuni mwa pingu. Baba yake alikuwa mwashi, na yeye alianza kubeba karai la zege kichwani akiwa na miaka tisa. Utosini hadi leo kuna mahali nywele zinaota kwa kusitasita, naye huwaambia watu kwamba hapo ndipo ilipopigwa mihuri ya shahada yake.

"Njoo uone," alimwambia msanifu. "Ukiwa unajenga, ukishalaza tofali juu ya saruji mbichi, saruji inafanya nini?"

"Inabubujika pembeni."

"Pande ngapi?"

"Mbili. Mbele na nyuma."

"Ya upande wako unaifuta kwa mwiko, unakandamiza kiungo kinakaa laini. Ya upande wa pili je, usikoweza kufikisha mkono?"

"Inabaki hivyo hivyo. Inakauka inaning'inia."

"Sasa weka kidole hapa."

Walikuwa upande wa kanisani, pale viti vilipong'olewa. Nusu ya chini ya ukuta ilikuwa bado imesimama, wamebomoa ya juu tu ili mwili utolewe. Msanifu akapitisha kidole. Kati ya kila kozi, kila safu ya matofali, saruji ilikuwa imetoka nje kama ndimi, ngumu, mbovu mbovu, hakuna aliyezigusa.

"Fundi wa hovyo," msanifu alisema.

"Ruka, uje huku ndani."

Wakaruka ukuta, wakasimama chini ya ngazi, mabega yakigusana. Mama Futi akamulika. Kwa ndani viungo vilikuwa laini, vimekandamizwa kwa ncha ya mwiko kozi baada ya kozi, vimenyooka kuliko mistari ya daftari. Ilikuwa kazi ya mtu anayejiheshimu, hata mahali ambapo hakuna atakayeiona.

Msanifu akatazama viungo, akamtazama Mama Futi.

"Aliyejenga alisimama huku," alisema polepole. "Upande wa maiti."

"Alisimama huku. Maiti haikuwapo bado. Maiti ni yeye."

"Alijijengea kaburi?"

"Hiyo sijasema. Kwanza niambie kwa nini mtu azibe mlango kwa ndani."

Hapo msanifu alishika kazi yake, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. Mnara huu, alieleza, uliongezwa baada ya kanisa kujengwa, na uzito wake wote wa upande mmoja uliwekwa juu ya tao la mlango huu mwembamba, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelifanya. Tao likaanza kupasuka. Kwenye faili la shule kuna barua ya mhandisi: zibeni mlango kwa matofali, tofali mbili unene, ili tao lipate kitu cha kulishika, na kazi ikishakwisha mlango wa juu upigiliwe misumari, ngazi zisitumike tena. Chini ya barua, kwa mkono, mkuu wa shule wa wakati huo aliandika kwamba viti vya kwaya visiguswe. Jubilei ya kanisa ilikuwa imebaki siku kumi, na ua moja likivunjika kwenye nakshi zile askofu angeliona.

"Kwa hiyo viti vikabaki vimeziba mlango kwa mbele," Mama Futi alisema. "Mwashi akateremka kutoka juu, akajenga akiwa humu. Alipanga kutokea wapi?"

Wote wawili wakainua macho. Ngazi zilipanda zikijizungusha gizani, kila kidato ni jiwe moja refu lililochomekwa ukutani kwa ncha moja, ncha nyingine ikielea hewani.

"Juu," alisema msanifu. "Kwenye roshani ya kwaya. Kuna mlango pale, halafu unashuka kwa ngazi ya chuma ya nje."

Walipanda wakihesabu, migongo imeubana ukuta. Kidato cha kumi na tisa hakikuwapo. Palikuwa na kisiki tu cha jiwe, kimetokeza ukutani shibiri moja, na mpasuko wake ulikuwa umekomaa kwa vumbi. Mama Futi akashuka haraka hadi kwenye gari, akarudi na jiwe la daktari ndani ya mfuko wa ushahidi, lile lililokutwa nyuma ya mgongo wa marehemu na ambalo ofisini walishaliita silaha. Akaliweka kwenye kisiki. Likakaa kama jino kwenye ufizi wake.

Mama Futi akalitoa tena, akalirudisha mfukoni.

"Alimaliza kazi," Mama Futi alisema. "Akafuta mwiko, akaanza kupanda. Jiwe likakatika. Akaanguka nalo mpaka chini. Taya likavunjika, paja likavunjika. Hakuna aliyempiga."

"Basi mzee hana kosa!" Msanifu alikuwa karibu kupiga makofi. "Ni ajali. Nenda kawaambie!"

"Ajali ikitokea watu husikia, huja. Mbona hapa hakuja mtu? Twende tukauone mlango wa juu."

Wakaliruka pengo la kidato. Mlango wa juu ulikuwa wa mbao nene. Kwa ndani haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mama Futi akazunguka nje, akapanda ngazi ya chuma, akautazama kutoka roshani. Misumari sita, yenye vichwa vikubwa, ilikuwa imepigwa kuzunguka fremu. Lakini chini ya misumari, komeo la chuma lilikuwa limesukumwa hadi mwisho, na msumari mmoja ulikuwa umepita juu ya komeo na kulikunja kidogo. Komeo lilitangulia. Seremala aliyekuja baadaye na misumari alikuta mlango umeshafungwa, akafanya alichotumwa.

Aliporudi chini alimkuta msanifu amechuchumaa pale pale mifupa ilipokuwa, kamulika ukuta kwa karibu sana. Penseli ilikuwa imemdondoka.

"Afande," alisema. "Hivi ni nini?"

Kwenye matofali ya kozi ya nne na ya tano, kimo cha bega la mtu aliyeketi, kulikuwa na vishimo. Vidogo, vya mviringo, ukubwa wa mwisho wa mpini wa mwiko. Vingine vilikuwa juu ya vingine. Tofali moja lilikuwa limelika hadi katikati. Mama Futi akaanza kuvihesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika mia moja na arobaini aliacha.

"Aligonga," alisema.

"Angesukuma tofali! Saruji ilikuwa mbichi!"

"Asukume liende wapi? Mbele yake kuna mbao za viti, zimegandana na ukuta. Na kwa paja lile asingeweza hata kujiinua. Taya limevunjika, hawezi kuita." Akagusa kishimo kimoja kwa kidole. "Akagonga."

"Lakini hili ni kanisa la shule!" Msanifu alikuwa analia waziwazi sasa. "Wanafunzi mia tano! Walikuwa wapi? Inakuwaje mtu agonge ukuta wa kanisa mpaka tofali linalika, na hakuna hata mmoja anayesikia?"

Mama Futi akaiokota penseli, akampa. Saa yake ilisema saa nne na nusu.

*

Kituoni, kwenye benchi la mapokezi, alikuwa ameketi mke wa Fundi Timazi, mama wa miaka hamsini na kitu, kifurushi cha nguo safi magotini. Siku ya tatu hiyo alikuwa hapo. Askari wa zamu walishazoea kumkwepa kama kiti kilichowekwa vibaya. Mama Futi alimwamkia kwa kuinamisha kichwa, akapita hadi chumba cha mahojiano.

Mzee aliletwa. Alikaa wima, mikono mezani, vidole vimejaa nyufa za saruji ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzishinda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Umekuja kunipeleka?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile mligombania nini na mdogo wako?"

Mzee alitikisa kichwa. "Pima maji."

"Pima maji?"

"Tulikuwa na moja tu ya kusawazishia kozi. Yeye anasema yake, mimi nasema yangu. Na tuliambiwa tusipige kelele kanisani, kwa hiyo tuligombana kwa kunong'ona, yeye chini kule, mimi juu nimeinama nateremsha ndoo. Wewe umewahi kumtukana mtu kwa kunong'ona? Ni kazi ngumu. Inabidi uchague maneno."

"Ulichagua yapi?"

Mzee akaangalia mikono yake. "Nilimwambia akafie mbele. Ndilo neno langu la mwisho kwake. Nikamteremshia matofali kumi na manane ya kumalizia na ndoo moja ya saruji, nikaondoka saa nane, lori lilikuwa linanisubiri. Nilikuwa na kazi mji mwingine, mwezi mzima. Niliporudi, mkuu wa shule akaniambia kazi imekwisha vizuri na mdogo wako ameshaondoka. Vifaa vyake havipo. Nikajua kanikasirikia. Nikamtafuta miaka minne, binti. Kila mji wenye jengo linajengwa nilisimama chini ya jukwaa nikaita jina lake."

"Na mke wake?"

"Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Watu wanasema nilimnyang'anya. Nilimnyang'anya nani?"

Mama Futi aliandika mstari mmoja, akaufuta. "Mlango wa juu, kwenye roshani. Ulipoondoka ulikuwaje?"

"Wazi. Niliweka tofali pale chini usijifunge."

"Kuna mtu aliufunga kwa komeo siku hiyo hiyo."

Mzee alikunja uso. "Haiwezekani. Anayefunga ni kiranja wa kanisa, kila siku saa kumi jioni, na hafungi bila kuita. Ilikuwa sheria yao. Anasimama roshani anaita mara tatu, 'Kuna mtu juu? Kuna mtu chini? Kuna mtu?' Mdogo wangu alikuwa anamtania, anajibu, 'Hakuna!' Kijana anacheka, anasubiri tutoke." Mzee alitaka kutabasamu, ikashindikana. "Kwani kuna nini? Kwa nini unauliza habari ya mlango?"

"Nitakwambia kabla ya saa nane. Nakuahidi. Kwa nini mliambiwa msipige kelele?"

"Wanafunzi walikuwa wanaanza kimya chao."

*

Ofisi ya Mkuu wa Upelelezi ilikuwa na picha kubwa ya kanisa lile nyuma ya kiti, mnara, tao na dirisha la duara, imewekewa fremu ya dhahabu. Mkuu mwenyewe alikuwa anakula njugu na kusoma.

"Umenipa kurasa mbili," alisema bila kuinua macho. "Kesi ya mauaji, kurasa mbili. Uliishiwa wino?"

"Si mauaji, afande."

Akamweleza, kozi kwa kozi: ndimi za saruji, kidato cha kumi na tisa, jiwe lililorudi mahali pake. Mkuu alisikiliza vizuri. Hakuwa mpelelezi mbaya, na alijua kukubali. Mama Futi alipofika kwenye jiwe, Mkuu alifuta mikono na kuvuta jalada karibu.

"Basi ni ajali. Sawa. Mzee anaachiwa, tunaandika bahati mbaya, na shule inapumua. Umefanya kazi nzuri. Mbona unanitazama hivyo?"

"Mlango wa juu ulifungwa kwa komeo akiwa ndani. Mzee anasema kiranja wa kanisa ndiye aliyekuwa anafunga."

"Ndiye. Na tulikuwa tunaita kabla ya kufunga. Mara tatu."

"Tulikuwa?"

"Viranja wote wa kanisa, tangu enzi na enzi. Kuna mwaka mtoto mmoja alifungiwa roshani akalala huko, ndipo sheria ikawekwa."

"Afande, mwaka wa jubilei kiranja wa kanisa alikuwa nani? Namhitaji kama shahidi."

Mkuu alikuwa amechukua njugu nyingine. Haikufika mdomoni.

"Mimi," alisema.

Mama Futi aliketi bila kukaribishwa.

"Hukuniambia, afande."

"Niambie nini? Watu mia wamekuwa viranja pale. Na mimi niliita! Muulize yeyote. Hakuna siku niliyofunga mlango ule bila kuita mara tatu. Mafundi wale walikuwa wanajibu 'Hakuna', mjinga mmoja wao alikuwa na sauti ya..."

Aliitazama njugu mkononi kama kitu asichokijua.

"Na siku za kimya?" Mama Futi aliuliza.

Nje, mtu alikuwa anapiga muhuri makaratasi, gonga, gonga, gonga, na Mkuu alishtuka kila mara mpaka Mama Futi akaenda kufunga mlango.

"Kabla ya jubilei," Mkuu alisema, na sauti ilikuwa imempungua, "tulikuwa na siku za kimya. Kuanzia Alhamisi adhuhuri mpaka Jumapili alfajiri. Hakuna kusema neno, shule nzima. Ukisema neno moja huimbi mbele ya askofu. Mimi nilikuwa natangulia kwaya. Mwaka mzima nilifanya mazoezi. Alhamisi saa kumi nilipanda roshani. Mlango ulikuwa wazi. Kulikuwa na tofali. Nikasimama pale. Nilifungua mdomo, unaelewa? Nilifungua mdomo niite. Halafu nikakumbuka."

"Ukafanyaje?"

"Nikalisogeza tofali kwa mguu. Nikafunga."

Mama Futi hakuandika.

"Hukuchungulia?"

"Kulikuwa na giza. Nilisikiliza. Kimya. Nikasema wameshaondoka."

Fundi Mdogo alikuwa ameshazimia chini, Mama Futi aliwaza kuandika, au alikuwa anafuta mwiko. Hilo halitajulikana.

"Afande. Aligonga. Kuna zaidi ya vishimo mia moja na arobaini kwenye tofali. Mlikaa kanisani siku zote hizo?"

"Kutwa nzima." Mkuu aliegemeza viganja mezani. "Tulisikia. Wote tulisikia. Tulijua mafundi wako kazini. Nakumbuka nilisema moyoni, watu hawa ni wachapakazi, hata Ijumaa, hata Jumamosi. Kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo mdogo, alikaa karibu na viti vya kwaya. Jumamosi aligeuka akanitazama. Akanyoosha kidole ukutani. Alitaka kusema kitu."

"Na wewe?"

Mkuu wa Upelelezi aliinua kidole chake cha shahada, taratibu, akakiweka kwenye midomo yake mwenyewe. Akakiacha hapo.

Mama Futi amewahi kuona watu wakikiri kwa vilio, kwa matusi, kwa kujikojolea. Hii hakuwahi kuiona. Alitazama pembeni, macho yakaangukia picha ya kanisa, akaona ni afadhali atazame sakafu.

"Baadaye kulikuwa na harufu," Mkuu aliendelea, kana kwamba sasa hawezi kusimama. "Mkuu wa shule akasema popo wamekufa mnarani. Tukapiga deki kwa sabuni kila siku mpaka jubilei. Askofu alisifu usafi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini. Mkuu aliitazama, akatazama jalada, kisha akamtazama Mama Futi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya kufanya kazi pamoja alimwita jina la utani.

"Mama Futi. Tukiandika ajali, inatosha. Ni kweli ni ajali. Nilikuwa mtoto wa shule. Hakuna sheria inayonigusa."

"Hakuna, afande."

"Mzee anatoka leo hii hii."

"Anatoka. Na atarudi nyumbani akiwa na neno lake la mwisho alilomwambia mdogo wake. Akafie mbele. Atajua lilifanya kazi siku ile ile." Alisimama, akasogeza jalada katikati ya meza. "Mimi nimemwahidi jibu kabla ya saa nane. Nitaandika utakachosema, afande. Lakini kwenda kumwambia nusu yake, sitaweza. Mtafutie mtu mwingine."

Mkuu akavuta droo, akatoa kalamu, akaandika kurasa tatu bila kuinua kichwa. Akasaini jina lake kamili na, chini yake, cheo alichokuwa nacho akiwa na miaka kumi na minane. Akainuka. Kofia aliiacha mezani.

Ufunguo wa mahabusu aliuchukua mwenyewe kwa askari wa zamu, aliyeduwaa. Akafungua. Fundi Timazi alitoka akivaa viatu visivyo na kamba, akaongozwa hadi mapokezi, na mkewe akainuka kwenye benchi, kifurushi kikamdondoka. Hapo hapo, mbele ya kaunta, Mkuu alimweleza mzee. Alisema kwa sauti ndogo, iliyokauka, lakini hakuruka kitu: tofali mlangoni, komeo, viti vya kwaya, kidole mdomoni.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alishika kaunta kwa mkono mmoja, akaikandamiza kwa kidole gumba, kama anayejaribu kama imekauka.

"Aligonga siku ngapi?"

"Mpaka Jumamosi jioni."

"Siku tatu."

"Siku tatu, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alipumua mara moja, pumzi ndefu. Kisha akamshika mkewe bega, akamsogeza mbele, mpaka akasimama uso kwa uso na Mkuu wa Upelelezi.

"Mwambie na huyu," alisema. "Ndiye aliyekuwa na mtoto tumboni. Na useme kwa sauti. Sikio lake moja halisikii vizuri."

Mkuu alimtazama yule mama, aliyekuwa ametega uso wake kwa upole, akisubiri kujua huyu bwana mkubwa ana shida gani.

Akaanza upya, kwa nguvu, mpaka watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama kusikiliza.